Ununue nini kupimia mashimo ya disc golf: leza, gurudumu, tepu au simu?

Kama unapanga kozi ya disc golf (mchezo wa kurusha sahani hadi kwenye kikapu cha minyororo, na kila njia toka tii, yaani pa kurushia, hadi kikapu ndiyo shimo) na hela yako inatosha kifaa kimoja tu, nunua leza ya kupimia umbali, ila sio leza yoyote. Nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya gofu ya kawaida, zinasoma kitu cha kwanza zinachokutana nacho, maana kule kibendera kiko mbele na miti iko nyuma. Kwetu ni kinyume. Nilisimama kwenye tii nikalenga kikapu nikasoma mita 61, nikaandika bila wasiwasi, tulivyokuja kupita na tepu tukapata 84, kumbe leza ilikuwa inasoma tawi lililoning'inia njiani. Kwa hiyo tafuta zile za wawindaji, zenye uwezo wa kuruka vya mbele na kusoma cha mbali zaidi. Na minyororo ya kikapu ina nafasi nyingi, mwanga unapita katikati, mwambie mtu asimame pale ameshika ubao kifuani.

Leza yenye uwezo wa kurekebisha umbali kwa mteremko usiiongezee hela, hesabu yake ni ya mpira wa gofu na sahani hairuki hivyo. Wapangaji wengi wana kanuni nyepesi: kila mita 1 ya kupanda ongeza 3 kwenye urefu, ukishuka toa 3. Leza ikikuonyesha pembe au tofauti ya kimo, inatosha.

Namba mbili ni gurudumu la kupimia, na kwa mashimo yenye kona mimi napenda hili kuliko leza, kwa sababu unatembea njia ile ile sahani itakayopita, wakati leza inabidi upime tii hadi kwenye kona halafu kona hadi kikapu ujumlishe. Chukua kubwa, lenye mzunguko wa mita 1 yaani kipenyo kama sentimita 32, madogo yanadumbukia kila kishimo na kurukaruka kwenye mizizi, mwisho wa siku shimo linasomeka refu kuliko lilivyo. Na urudishe kaunta sifuri kabla hujaanza, hili tunalisahau sana.

Tepu ya mita 100 ni ya tatu. Inachosha, inataka watu wawili, kwenye vichaka inanasa kila sehemu, ila haiishi betri, na ndiyo nahakikishia leza yangu.

Simu ni ya mwisho japo ni ya bure. GPS yake hata pa wazi inakosea kama mita 5, chini ya miti ndio kabisa, na kwa shimo la mita 60 hiyo sio ndogo. Itumie nyumbani kuchorea mpango wa awali kwenye Google Earth basi.

Halafu ukifungua boksi la leza angalia imewekwa kwenye nini, nyingi zinakuja kwenye yadi, na yadi 100 ni mita 91 tu. Yangu kila nikiazimisha inarudi imebadilishwa.