Kingamwili ya HSD3B1: bendi safi, jina la kudanganya

Kichupa cha kingamwili hii kimeandikwa HSD3B1, kimeng'enya kinachogeuza pregnenoloni kuwa projesteroni. Jina hilo lisikupumbaze. HSD3B1 ya kondo la nyuma na HSD3B2 ya adrenali, ovari na korodani zinafanana kwa takriban asilimia 93, na kingamwili hii ya sungura, ya polikloni (mchanganyiko wa kingamwili nyingi zinazoshika sehemu mbalimbali za protini), hushika zote mbili. Kwa kondo haina neno. Kwa adrenali, andika 3β-HSD tu, jina la jumla la vimeng'enya hivi.

Kwenye bloti (protini hutenganishwa kwa jeli, kisha hutafutwa kwa kingamwili), kuizimua 1:1,000 usiku kucha kwa nyuzi 4 hutoa bendi moja karibu na kilodaltoni 42. Ukichemsha sampuli kwa nyuzi 95, protini hii ya utando hushikamana na kubaki juu ya jeli kama doa la masizi. Watu huilaumu kingamwili bure. Nyuzi 70 kwa dakika 10 zatosha. Kwa vipande vya tishu vilivyowekwa kwenye parafini tumia 1:200, baada ya kuvipasha moto kwenye sitreti ya pH 6.0 ili kingamwili iifikie protini. Kondo limejaa damu, ambayo yenyewe huigeuza rangi ya kipimo, hivyo usiruke peroksidi ya hidrojeni ya asilimia 3 ya kuizuia, la sivyo kila kitu kitakuwa kahawia.

Ujazo ni mikrolita 100, nusu gliseroli. Zungusha kichupa kwenye sentrifuji kabla ya kufungua, maana tone hukwama kifunikoni. Kwa nyuzi −20 haigandi, ila umeme wa Dar ukikatika friza isifunguliwe.

Panga mzigo utue uwanja wa ndege wa Julius Nyerere Jumanne. Ukitua Ijumaa jioni, Jumatatu utapokea maji ya uvuguvugu.