Michemraba 365 ndani ya tufe la sentimita 10: uzoefu wangu na Blender

Aliyenianzishia ni mwanafunzi wangu wa kidato cha nne. Tulikuwa tumemaliza kutafuta ujazo wa tufe lenye kipenyo cha sentimita 10, tukapata sentimita za ujazo 523.6, naye akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwa hiyo vile vichemraba vya sentimita moja moja vitaingia 523?" Nikamwambia haviwezi kufika, maana ukuta wa tufe umepinda na kichemraba hakipindi, kwa hiyo lazima mapengo yabaki. Akauliza, "Sasa vitaingia vingapi?" Sikuwa na jibu. Jioni ile nikaishusha Blender.

Kwa wasioijua, hii ni programu ya kuchora maumbo ya pande tatu. Ilianzia Uholanzi kwa Ton Roosendaal, na mwaka 2002 watu walichanga euro 100,000 katika wiki saba ili msimbo wake uwe huru kwa wote. Mpaka leo haiulizi malipo, wala hakuna siku za majaribio zinazokwisha. Faili lake linazidi megabaiti 300, basi andaa bando. Ukishaisakinisha, kazi yote unaifanya bila intaneti.

Nilianza kwa kumimina, kama unavyomimina mchele mtungini. Nilichora tufe lenye mdomo wazi juu, nikalifanya kitu kisichosogea, nikavitundika vichemraba hewani na kuviachia vianguke. Havikuingia hata kimoja. Vilirundikana mdomoni kana kwamba pana kifuniko! Ilinichukua usiku mzima kuelewa: kwa kawaida programu huchukulia umbo linalogongana kwa namna iitwayo Convex Hull, yaani hulifunika kama limevikwa mfuko uliokazwa, na shimo lote la ndani linahesabika kuwa limejaa. Kwa chombo chenye uwazi chagua Mesh, namna inayofuata ukuta wenyewe wa umbo pamoja na uwazi wake.

Jambo la pili ni vipimo, na hapa naomba usome taratibu. Ukuta wa umbo la Mesh huzungukwa na ukingo usioonekana wa mita 0.04, usipoubadilisha. Ukichora tufe kwa ukubwa wake halisi, nusukipenyo ni sentimita 5 na ukingo umekula 4. Mimi nilikuza kila kitu, sentimita moja nikaifanya mita moja, kisha nikaupunguza ukingo. Kumbuka pia kwamba hesabu ya kuanguka hukoma kwenye fremu (yaani picha moja moja ya mwendo) ya 250 usipoiongezea muda, na vitu vikubwa hivyo huchukua muda kutulia.

Matokeo yake yanapendeza macho. Vichemraba vimelaliana, vingine vimesimama kwa kona, na mwanafunzi anaona mapengo yalivyo bila maelezo. Ila kwa idadi njia hii ni dhaifu, maana vitu vikimiminwa ovyo hupoteza nafasi nyingi. Havikufika 300.

Kilichonifanya niipende programu hii ni ukurasa wake wa kuandika Python, lugha ya kuiamuru kompyuta. Msimbo wangu haukuzidi mistari ishirini. Unapita kwenye gridi, yaani vichemraba vilivyopangwa safu kwa safu, na kwa kila kichemraba unauliza swali moja: ile kona iliyo mbali zaidi na kitovu cha tufe, imevuka sentimita 5? Kama haijavuka, kichemraba kinachorwa.

Kwanza niliweka kitovu cha tufe mahali kona za vichemraba vinane zinapokutana. Nikapata 304, asilimia 58 tu ya ujazo. Kisha nikasogeza gridi nusu sentimita kwenye kila mhimili ili kitovu kiangukie katikati ya kichemraba kimoja. Nikapata 341. Vichemraba 37 zaidi, bila kubadilisha tufe wala vichemraba! Nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea, na kwa kuwa hesabu hiyo inawezekana kwa mkono, nikaifanya kwa kalamu pia. Ni 341.

Halafu nikaona jambo jingine nilipokuwa nazungusha mchoro. Gridi ikikaa hivyo, kila safu inabeba idadi witiri, 9, 7, 5, 3 au 1, kwa kuwa inagawanyika sawasawa pande mbili za kitovu. Safu yenye nafasi ya sentimita 8.6 inapewa vichemraba 7 wakati vinane vinatosha. Nikaamua kila safu iteleze peke yake: msimbo unapima nafasi iliyopo kwa kanuni ya Pythagoras, unakata desimali, unaweka vinavyotosha. Jumla ikapanda hadi 365, karibu asilimia 70. Kwa matabaka, kutoka chini hadi juu, ni 10, 31, 48, 61, 65, 61, 48, 31, 10.

Nilichora kila tabaka kwenye karatasi kama linavyoonekana kutoka juu, nikawagawia wanafunzi. Waliyahesabu wenyewe na kujumlisha. Kipindi kile sitakisahau.

Mgeni ajue kwamba skrini ya Blender ina vitufe vingi mno, na siku mbili za kwanza ni za kupotea. Kwenye Windows, ujumbe kamili wa makosa ya msimbo hutokea kwenye dirisha tofauti, ambalo unalifungua kwa "Toggle System Console" katika menyu ya Window. Kama unataka idadi peke yake, Python tupu inatosha, huhitaji Blender. Lakini ule mchanganyiko wa kuhesabu na kuona papo hapo ndio ulionionyesha zile safu zenye nafasi iliyopotea. Kwenye orodha ya namba nisingeziona.

Kijana yule sasa anataka vichemraba vya nusu sentimita. Hapo ni maelfu, na ukitumia amri ya kuongeza umbo jipya kila mara, kompyuta ndogo kama yangu ya RAM GB 8 itakokota. Chora kichemraba kimoja, kisha vingine vyote viazime umbo la hicho hicho.