Intaneti gani kwa biro ndogo ya L'shi? Napanga kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho

Kama uko na kabine ya avoka, fidisieri ao biro ya arkitekte ya watu watano sita hapa Lubumbashi, usianze na kuuliza mega ngapi. Uliza kwanza kurant ya SNEL ikikatika itakuwa namna gani. Mtu mmoja ku video ya Zoom anakula kama mega 3 kwa sekonde, kwa hiyo mega 20 zinatosha, lakini ziwe za kweli saa nne asubuhi wakati kartie yote imeingia.

Namba moja ni fibre optike, kama inapita ku avenue yako, na hapa sina mashaka. Kiboksi chake kinakula wati 15 hivi, batri kidogo ya volti 12 inakishikilia masaa, laptopu ziko na batri zao, basi SNEL ikienda nyinyi munaendelea kuandika. Uliza kama laini ni yenu peke yenu ao munagawana na wengine, uliza mega za kutuma ni ngapi juu avoka anatuma dosie za kuskani siku nzima, na uliza tena njia za intaneti yao kutokea inje ya inchi ni ngapi, juu moja ikikatika ingine ibakie: mwezi wa 8 mwaka 2023 WACS, kebo ya intaneti ya chini ya bahari, ile inaingilia Muanda, ilikatika mbele ya mto Kongo. Furniseri mwenye iko pia na njia ya Kasumbalesa kupitia Zambia, huyo njo wa kusikiliza.

Ya pili, Starlink, intaneti ya setelaiti yenye sahani ku paa. Mwaka 2024 ARPTC, ile ya serikali yenye inasimamia mawasiliano, ilikataza, mwezi wa 5 mwaka 2025 ikaipatia lisansi, sasa hakuna tena kujificha. Setelaiti zake ziko kilometa 550 hivi juu, kwa hiyo simu ya video inapita bila kukwama. Lakini sahani ya kawaida inakula wati 75 mpaka 100 saa yote, hesabu batri mbele ya kununua (ile ya Mini inakula 25 mpaka 40), na kama kuko muti wa maembe mu parsele koneksio itakuwa inakatika-katika kila wakati. Ile yenye iliandikishwa inchi ya jirani, uachane nayo, ofa ya safari si ya kukaa mu biro.

Ya tatu ni antena ya radio ku paa, yenye inaangaliana na mnara wa furniseri. Inaenda muzuri mpaka siku jirani atapandisha etaji mbele yake.

Ya ine, boksi ya 4G ya Vodacom, Airtel ao Orange. Peke yake hapana: forfe inaisha katikati ya kazi, na kurant ikikatika kila mtu anakimbilia ku 4G.

Ya mwisho ni VSAT ya zamani, setelaiti karibu kilometa 36 000, unasema alo unangoja. Ya kambi ya pori, si ya mujini.

Mbele ya kusinye, pita kwa jirani wa avenue yako mwenye iko na furniseri huyo huyo, mupime pamoja asubuhi na saa tisa. Usilipe mwaka mzima. Modemu uiweke juu, priza yake peke yake, sentineli asiichomoe usiku juu ya kuchaji telefone. Na ile boksi ya 4G ununue tu, ikae ya akiba, paka sim yake iwe ya rezo ingine, si ya furniseri wa fibre.