Katamarani iliyotumika kwa familia yenye watoto: uzoefu wangu na Hobie Wave hapa Dar es Salaam

Mzazi anayetaka kununua katamarani iliyotumika ili asafiri baharini na watoto wake aanze na swali moja kabla hajauliza bei: chombo hiki kikipinduka, ni nani atakayekiinua, na watoto watakuwa wapi wakati kazi hiyo inafanyika? Nilipokuwa natafuta chombo hapa Dar es Salaam, wauzaji walinieleza kwa kirefu habari za kasi, rangi na uzuri wa tanga, lakini hakuna aliyeligusa jambo hilo mpaka nilipouliza mwenyewe. Hatimaye mimi na mume wangu tulinunua Hobie Wave, na kwa kuwa tumekwisha kuitumia katika kaskazi na katika kusi, pamoja na watoto wetu wawili wenye umri wa miaka 6 na 10, ninaweza kueleza kwa nini ninaipenda na wapi inapungukiwa. Ninazungumzia hapa katamarani ndogo za ufukweni, zile zenye mitumbwi miwili, boriti mbili za kuiunganisha na trampolini ya kukalia katikati, si zile kubwa zenye vyumba vya kulala.

Vyombo hivi huwezi kuvikuta dukani hapa kwetu. Huuzwa na familia za kigeni zinazomaliza mikataba ya kazi, hasa katikati ya mwaka shule zinapofungwa, au na hoteli za ufukweni zinapobadilisha vifaa vyake. Ukizunguka Msasani na Kunduchi na kuwauliza walinzi na mabaharia, utaoneshwa vingine vimelala chini ya mivinje bila tanga wala kamba. Tulichokutana nacho mara nyingi zaidi ni Hobie 16, chombo kilichobuniwa na Mmarekani Hobie Alter na kuanza kuuzwa takriban mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambacho hadi leo kimetengenezwa kwa idadi inayozidi 100,000 duniani. Kina urefu wa mita 5 na kidogo, uzito wa kilo 145 hivi, na hakina ubao wa kushusha majini, kwa hiyo kinapanda ufukweni bila kukwaruza kitu chochote isipokuwa matumbo yake yenyewe. Baharia mzoefu atakifurahia. Hata hivyo omo zake nyembamba, yaani ncha za mbele, zina tabia ya kuzama upepo unapotoka nyuma, tezi, yaani sehemu ya nyuma, ikanyanyuka na chombo kikapinduka kwa kutangulia mbele, na watu walioketi juu yake hurushwa kuelekea kwenye mlingoti na waya. Tena kina bumu, yaani ile nguzo ya alumini inayoshika upande wa chini wa tanga, na bumu hiyo hupita chini kiasi kwamba mtoto anayesahau kuinama wakati wa kubisha, yaani kugeuza chombo ili upepo uingie tanga kwa upande wa pili, anaweza kupigwa kichwani. Kukiinua kinapolala ubavu kunahitaji uzito wa watu wazima wawili. Mimi mwenye kilo 60 sina uwezo huo.

Hobie 16 mojawapo tuliyoiona ilikuwa imepakwa rangi mpya inayong'aa, na bei yake ilivutia. Tulikwenda na fundi mzee wa Kunduchi ambaye ametengeneza ngalawa na maboti ya faiba kwa miaka mingi. Hakutazama rangi hata kidogo. Alitoa sarafu mfukoni, akaanza kugonga juu ya mtumbwi kidogo kidogo kuanzia tezi kuja mbele, sikio lake likiwa karibu, na alipofika mbele kidogo ya ile boriti ya kwanza alisimama, akarudi nyuma, akagonga tena. "Sikiliza, Mama Imani," aliniambia, "hapa panalia, hapa pamekufa." Nami nilisikia: sauti kavu iliyokuwa ikiitika ilibadilika ghafla ikawa nzito kama ya mbao iliyolowa. Akaniambia nibonyeze kwa kidole gumba, nikabonyeza, na pale palibonyea. Mitumbwi ya Hobie 16 ina tabaka mbili za faibaglasi zenye povu gumu katikati, na maji na jua vikishaachanisha faiba na povu, sehemu hiyo haina nguvu tena, nayo ndiyo sehemu inayobeba mzigo mkubwa chombo kinapokimbia. Hitilafu hiyo inatengenezeka, kwa kutoboa matundu madogo na kuingiza gundi ya epoksi, lakini ikiwa imeenea ni afadhali kukiacha chombo mahali kilipo. Mume wangu alimshukuru muuzaji na tukaondoka.

Tuliiona pia Dart 18, kazi ya Mwingereza Rodney March, ambaye ndiye aliyebuni Tornado, katamarani ya mbio iliyoshindaniwa katika Olimpiki kuanzia mwaka 1976 hadi 2008. Haina bumu, jambo zuri kwa watoto, lakini ni ndefu na inapenda watu wazima wawili wenye nguvu, kwa hiyo hatukukaa nayo sana.

Hobie Wave ni jambo lingine kabisa. Ilibuniwa katika miaka ya 1990 kwa ajili ya familia na hoteli, ina urefu wa karibu mita 4 na uzito wa kilo 110 hivi, na mitumbwi yake haikujengwa kwa faibaglasi bali imefinyangwa kwa plastiki ya polithilini, aina ileile inayotumika kwa matangi ya maji ya juu ya nyumba. Plastiki hiyo haina tabaka za kuachana. Ikigonga jiwe inakwaruzika na kubonyea badala ya kupasuka, na mtoto akiangukia ukingo wake haumii kama angeangukia faiba kali. Tanga lake ni moja tu, halina bumu, na demani yake, yaani kamba ya kukazia na kulegezea tanga, ni moja tu ambayo binti yetu wa miaka 10 anaimudu mwenyewe upepo ukiwa wa wastani. Omo zake ni nene na zimejaa, hivyo hazizami kwa urahisi, na chini ya tezi kuna mikia iliyofinyangwa pamoja na mtumbwi inayolinda sukani chombo kinapogusa mchanga.

Hiyo tuliyoinunua ilikuwa na umri wa miaka kadhaa na ilitokea hotelini, na chombo cha hoteli huwa kimechapwa na jua. Tulikagua hivi. Tulifunga vizibo vyote isipokuwa kimoja, tukapaka maji ya sabuni kwenye viungo na kuzunguka kila skurubu, kisha mume wangu akapuliza kwa mdomo kupitia tundu la kutolea maji huku mimi nikitafuta mapovu. Ninasisitiza kwamba ni kwa mdomo, kwa sababu pampu ya matairi inaweza kuufumua mtumbwi mzima. Mapovu yalitokea kwenye skurubu mbili za sukani, jambo la kuziba kwa dakika chache. Waya za kushikilia mlingoti nilizipitishia kitambaa cha pamba kutoka juu hadi chini, kwa kuwa uzi mmoja wa waya uliokatika hunasa kitambaa kabla jicho halijauona. Waya mmoja ulinasa karibu kabisa na kifundo cha chini, mahali ambapo chumvi hujificha na kula chuma polepole. Sikujadiliana na nafsi yangu juu ya hilo: tulidai punguzo linalotosha kubadilisha waya zote tatu, kwani waya ukikatika mlingoti unaanguka palepale walipoketi watoto. Trampolini nayo ilionekana nzima, lakini uzi wa mishono ulikatika nilipoukwaruza kwa ukucha. Kitambaa hudumu kuliko uzi. Tulimpa fundi wa maturubai aishone upya kwa uzi wa poliesta, na kazi yake imesimama imara hadi sasa.

Baada ya matengenezo hayo ndipo tulipofanya jaribio ambalo ningependa kila mzazi alifanye kabla ya safari yake ya kwanza ya kweli. Siku ya upepo mdogo, maji yakiwa yamejaa na boti ya mvuvi tunayemfahamu ikiwa kando, tuliipindua Wave kwa makusudi katika Ghuba ya Msasani, watoto wakiwa wamevaa majaketi ya kujiokolea na wakijua kitakachotokea. Juu ya mlingoti wetu kuna boya, na boya hilo ndilo lililonishawishi kuliko kitu kingine chochote: chombo kililala ubavu na kikabaki hivyo, hakikuendelea kugeuka mpaka mlingoti ukaelekea chini. Watoto tuliwafundisha jambo moja tu, kwamba washike kamba ya mtumbwi wa chini upande wa omo na wasiiachie kwa sababu yoyote, hata kandambili zikielea, kwa kuwa katamarani iliyolala husukumwa na upepo haraka kuliko mtoto anavyoweza kuogelea. Sisi wawili tuliuelekeza mlingoti upande unakotoka upepo, tukapanda juu ya mtumbwi wa chini, tukaegemea nyuma kwa kamba ya kuinulia, na upepo ulipoingia chini ya tanga kazi iliyobaki ilikuwa nyepesi. Kisha nilijaribu peke yangu na nikashindwa, mpaka nilipofunga kwenye kamba mfuko wa turubai uliojaa maji ili kuongeza uzito. Tangu siku hiyo mfuko huo unakaa umefungwa kwenye boriti ya mbele na hautoki.

Kijana wetu mdogo alilia mara ya kwanza, na mara ya pili aliomba arudie.

Kuhusu bahari yenyewe, kaskazi ya Desemba hadi Machi huingia katika Ghuba ya Msasani kutoka baharini, kwa hiyo chombo kilichoharibika kinarudishwa ufukweni, ilhali kusi hutoka upande wa rasi na kumsukuma mtu mbali na fukwe hizo. Kwa sababu hiyo katika miezi ya Juni hadi Agosti, kusi inapokaza, sisi hatutoki nje ya ghuba na watoto, na safari za visiwa vya Bongoyo na Mbudya tunaziacha mpaka kipindi cha maleleji, pepo zinapobadilishana, au kaskazi ya asubuhi. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa nausoma kila mara, nao wakitoa angalizo la upepo mkali na mawimbi kwa ukanda wetu wa pwani, chombo kinabaki nchi kavu. Kupwa na kujaa kuna uzito uleule: siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi cha kawaida, tofauti ya maji hapa Dar hupita mita 3, na anayerudi maji yakiwa yamekupwa atakuta tope na mawe kati yake na mchanga. Hapo ndipo kilo 110 zinapoonesha thamani yake, kwa maana watu wazima wawili wenye kigari cha magurudumu mapana wanaivuta, wakati Hobie 16 ingewalazimu kuomba msaada.

Sasa mapungufu, kwani yapo. Wave si nyepesi kwenda joshi, yaani kuelekea unakotoka upepo, hasa ukiwa na watu wanne juu yake. Kwa kuwa haina tanga la mbele, ukijaribu kubisha pasipo mwendo wa kutosha inakwama uso kwa uso na upepo na kuanza kurudi nyuma, na katika mawimbi mafupi ya alasiri jambo hilo linachosha. Watu wote hulowa kuanzia mwanzo hadi mwisho wa safari, na mtoto mdogo huanza kutetemeka hata katika joto letu, kwa hiyo fulana za mikono mirefu za kuogelea ni lazima. Plastiki nayo ina maudhi yake: gundi ya epoksi haishiki, hivyo ufa ukitokea anahitajika fundi wa kuchomelea plastiki kwa hewa ya moto, na chombo kikiachwa juani kikiwa kimeegemea ubao mwembamba, mtumbwi hulainika na kubonyea pale ulipoegemea. Sisi tumeuwekea vitanda vipana vyenye zulia kuukuu, chini ya kivuli, na vizibo huvitoa kila jioni ili hewa inayopanuka kwa joto ipate njia.

Majaketi ya watoto usiyanunue kwa kukisia umri. Soma uzito ulioandikwa, hakikisha kuna mkanda unaopita kati ya miguu, na kwa mtoto asiyejua kuogelea vizuri chagua lile la nguvu ya nyutoni 100 lenye kola, kwani la nyutoni 50 limekusudiwa waogeleaji. Usajili na ukaguzi wa chombo ulizia TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, mapema, kabla hujamlipa muuzaji.

Tulilipa shilingi milioni 9 baada ya punguzo, na waya, mishono na kamba mpya viliongeza kiasi ambacho mnunuzi yeyote aweke akiba yake tangu mwanzo. Kamba nyingi za Kariakoo ni za nailoni, zinazovutika, kwa hiyo zinafaa kufungia nanga lakini si kwa demani wala henza, yaani kamba ya kupandishia tanga. Dai poliesta, hata kama utazunguka maduka kadhaa. Kwa familia yenye watoto chini ya miaka 12 na mzazi mmoja asiye na uzito mkubwa, Wave ndiyo ningeinunua tena. Wenye vijana wakubwa wanaotaka mbio wataichoka mapema, na hao waitafute Dart 18 iliyotunzwa kivulini, wakiwa na fundi na sarafu yake.