Amstrad PCW 8256: kompyuta ya barua mezani Tabora

Mashine hii niliinunua kwa mzee mmoja mstaafu wa mtaa wa Cheyo, hapa Tabora, kwa shilingi 60,000, pamoja na printa yake na diski nne. Plagi yake iliingia kwenye soketi ya ukutani bila shida, lakini diski hazikuzunguka, kwa kuwa mkanda mdogo wa mpira unaoziendesha ulikuwa umelegea na kunata kama ulimbo. Fundi redio aliubadilisha. Bila hivyo ningebaki na skrini tupu, kwani hata programu ya kuanzia husomwa kutoka kwenye diski hizo za inchi 3.

Amstrad waliitoa nchini Uingereza mwaka 1985 kwa pauni 399 kabla ya kodi, bei iliyojumuisha printa. Prosesa yake, yaani chipu inayofanya hesabu zote, ni Zilog Z80 ya megahezi 4, ya ukoo uleule na ile ya megahezi 3.5 iliyomo katika kompyuta ya nyumbani ya Sinclair ZX Spectrum ya mwaka 1982, ambayo wengi waliitumia kwa michezo. Kilichozitenga kazi zao ni vile vinavyoizunguka prosesa: Spectrum huandika herufi 32 kwa mstari kwenye televisheni ya nyumbani, ilhali PCW ina skrini yake ya kijani yenye mistari 32 ya herufi 90, hivyo barua huonekana kwa upana wake wote. Kibodi nayo ina vitufe maalumu vya kukata, kunakili na kubandika maneno, jambo ambalo kompyuta yangu ya sasa haina.

Nimeandikia muhtasari wa vikao vya kikundi chetu cha wafuga nyuki. Herufi zinafuata vidole bila kuchelewa. Printa ndiyo mvivu, hasa ukitaka maandishi safi, na sindano zake hulia kama cherehani.

Kasoro niliyoionja ni umeme kukatika nikiwa ukurasa wa pili: kilobaiti 256 za kumbukumbu zilifutika papo hapo, na tangu siku hiyo nahifadhi kila aya. Diski mpya sijaziona katika duka lolote mjini, kwa hiyo nafuta zilezile za mzee, baada ya kumchapia kwanza barua zake zilizokuwamo na kumpelekea nyumbani.