The Stand ya Stephen King: nakala moja, wasomaji wanne, na tayari imekatika katikati

Nilikinunua mwanzo wa 2020 kwa wale jamaa wanaotandika vitabu chini pale tao, shilingi 400. Ni toleo kamili, lile la 1990, zaidi ya kurasa 1,100, na maandishi ni madogo kama ya Biblia ya mfukoni. Nikasoma kurasa kama sitini hivi, alafu tarehe 13 Machi ikatangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona Kenya, na wiki mbili baadaye tuko kafyu, saa moja jioni kila mtu kwake. Sikuweza kuendelea. Mtu akikohoa kwenye kitabu nasikia mwingine anakohoa hapo nje kwenye ngazi. Nikakiweka juu ya kabati kikakaa huko miaka.

Sasa nimekimaliza, na si mimi peke yangu, tumesoma watu wanne hiyo nakala moja: mimi, mdogo wangu, jirani wetu wa ghorofa ya tatu ambaye ni nesi, na rafiki yangu anafundisha fasihi huko Rongai. Mama hakusoma lakini nilikuwa namsimulia kila Jumapili tukimaliza kula, kwa hivyo maoni yake nayahesabu pia. Tumebishana kweli kweli. Naandika ju ukiuliza watu kuhusu hiki kitabu jibu ni lile lile, ati ni kirefu sana, na mimi kwa hilo nakataa kabisa.

Kwa wasiokijua: homa iliyotengenezwa inatoka kwenye maabara ya jeshi huko California, mlinzi mmoja anatoroka na mke wake na mtoto, anaendesha mpaka Texas, gari inaingia kwenye pampu za petroli kwenye kamji kanaitwa Arnette, na hapo basi, imeshafika kwa watu. Inaua asilimia 99.4. Wanaobaki wanaanza kuota, wengine wanamuota bibi mzee wa miaka 108 huko Nebraska anaitwa Mother Abagail, wengine wanamuota mwanaume mweusi wa giza, si wa ngozi, anaitwa Randall Flagg, ambaye anakusanya watu wake Las Vegas. Kila mtu lazima achague anaelekea wapi.

Kilipotoka mara ya kwanza 1978 kilikuwa kimekatwa kurasa kama 400, na haikuwa kwa sababu ni mbaya, King mwenyewe anaeleza mwanzoni kwamba watu wa hesabu wa mchapishaji ndio waliona kitabu kinene hivyo gharama yake haitarudi. 1990 akazirudisha. Kwa hivyo ukikipata cha zamani ni kifupi, angalia kabla hujalipa.

Hiyo asilimia 99.4 nilikuwa nimeipita tu, mpaka siku moja nikatoa simu nikapiga hesabu. Sensa ya 2019 Nairobi tulikuwa watu 4,397,073. Wangebaki kama 26,000. Hao hawajazi hata uwanja wa Kasarani. Ploti yetu haifiki watu mia, kumaanisha kwa hesabu hiyo hakuna hata mmoja anabaki, si mimi, si keateka, si ule mtoto wa chini anaitana kila asubuhi. Nililala na hiyo kitu siku kadhaa.

Jirani wangu nesi alikuwa wodini 2020, na nilimwambia asijilazimishe, akasema lete. Kitu kilimgusa ni Stu Redman, yule mtu wa Arnette asiyeugua, wanamfungia kwenye chumba, madaktari wanaingia na suti za plastiki, wanachukua damu, hakuna mtu anamwambia chochote, mpaka anakataa kupimwa presha kabisa mpaka mtu amweleze kinaendelea nini. Nesi akaniambia, "Dada, hiyo ndiyo ile kitu. Wagonjwa walikuwa wananiuliza nyuma ya hiyo maski na mimi nimeambiwa nisiseme kitu bado sijui." Alisoma hiyo sehemu mara mbili. Lakini kuna sura moja fupi ya watu walioponyoka homa alafu wakafa na vitu vidogo, mmoja amekanyaga msumari, mtoto mdogo aliyebaki peke yake akaanguka kwenye kisima, na hapo aliniletea kitabu mlangoni akasema apumzike kwanza. Ana mtoto wa miaka mitano. Alirudi kukichukua baada ya mwezi, lakini hiyo sura hakuimaliza na nadhani hataimaliza.

Sasa mimi sura yangu ni ile ya nane. Haina mzimu wala shetani wala damu. Askari wa barabarani anamsimamisha muuza bima kwa kukimbiza gari, anamwandikia faini na anampa ugonjwa, muuza bima anaingia hotelini kula, anaacha ugonjwa na tip, familia iko safarini likizo inamuuliza njia, nao wanaubeba, inaenda hivyo hivyo mtu kwa mtu, na kila mtu ni mkarimu tu, anatabasamu, anasaidia. Nilisoma hiyo kwenye mat nikiwa nimeshika chenji nimetoka kupewa na makanga, coini zina joto ya mkono wake. Nikaangalia zile coini. Hiyo ndiyo hofu ya hiki kitabu kwangu, na huwezi kuipata kwa kurasa 300, ju inabidi kwanza uwajue hao watu, ujue nani ana deni, nani amegombana na mamake, nani ana mimba hajaambia mtu, ndio wakifa ama wakibaki uone tofauti.

Na Larry Underwood, yule mwanamuziki, anatoka Manhattan kwa miguu kupitia Lincoln Tunnel, giza tororo, magari yamejaa mbele mpaka nyuma na wenyewe bado wako ndani, na mwanga wake ni kiberiti cha gesi tu. Siku niliyofika hapo jioni tulikwama andapasi ya Pangani kama dakika ishirini, dereva amezima injini. Nilifunga kitabu nikakiweka kwa begi. Sikukifungua tena mpaka nyumbani, na taa zote zimewaka.

Mdogo wangu aliipenda nusu ya kwanza vibaya sana, alafu alipofika Boulder, pale Colorado ambapo watu wa Mother Abagail wanajenga mji upya, akaanza kulalamika. "Sista, hii ni mkutano wa chama ama ni horror?" Na ni kweli kuna kurasa nzima za minitsi, nani amependekeza, nani ameunga mkono, kamati ya watu saba. Yeye anaona hizo ndizo kurasa zingekatwa. Mimi hapo ndipo nilipendea King zaidi, ju anafikiria vitu mwandishi mwingine angeruka. Maiti zote hizo nani anazika? Kuna kamati ya kuzika, na wanashindana na msimu. Na stima! Watu walikufa vitu vimewaka, jiko, redio, feni, kila kitu, kwa hivyo siku mafundi wanajaribu kurudisha stima mzigo unakuwa mkubwa mitambo inaungua, inabidi kikundi cha watu kiende nyumba kwa nyumba, ndani kuna wafu, kuzima swichi moja moja. Mtu yeyote wa Nairobi ambaye stima imemrudia usiku ikachoma friji ataelewa hiyo bila kuelezwa. King ameandika kwamba katikati ya hiki kitabu alikwama wiki kadhaa, karibu akiache, mpaka jibu likamjia akiwa anatembea. Ukifika hapo utajua ni wapi, ju kitu kinatokea ghafla na mtu niliyempenda sana anaenda. Sitamtaja.

Mwalimu wa Rongai naye shida yake ilikuwa Mother Abagail. Alisema huyu mama mweusi amewekwa pale kusaidia wengine kufika kwa Mungu, anaota kwa niaba yao, anaomba kwa niaba yao, na mambo ya kamati anaachwa nje. Nimefikiria hilo sana na naona ana haki. Lakini kuna siku yule bibi, na miaka yake 108, anajua kwenye ndoto kwamba wageni wako njiani, kwa hivyo anatembea peke yake mpaka kwa jirani kuchukua kuku wa kuwapikia, na wakati wa kurudi vicheche vinamzunguka barabarani giza likiingia. Nilipomsimulia mama aliacha kuosha vyombo. Akasema, "Huyo ni mama wa kwetu. Wageni wanakuja na hana kuku nyumbani, angelala vipi?" Tangu siku hiyo kila Jumapili swali la kwanza ni bibi yuko wapi.

Mwisho umetugawanya. Watu wanatumwa kwa miguu Boulder mpaka Las Vegas, bila kubeba chakula, zaidi ya kilomita elfu moja, hiyo ni Nairobi Mombasa uende urudi na bado uongeze, alafu kinachotatua jambo hakitoki mikononi mwao. Mdogo wangu alirusha kitabu kitandani. Mama alisema hivyo ndivyo ingekuwa, wao walitumwa kwenda tu. Mimi niko katikati, naona kilifika haraka mno ukilinganisha na tulikotoka, lakini kile kinachofuata, safari ya kurudi kwenye theluji, mtu mgonjwa, mwenzake ambaye watu walimdharau tangu mwanzo, na mbwa, hiyo nililia waziwazi na ningeisoma tena leo.

Kitu kimoja tu ningetoa, ile sehemu ndefu ya kijana anaitwa the Kid. Kuna ukatili wa kingono pale, na kwingine pia, mjue kabla. Usimpe mtoto wa shule.

Kitabu chenyewe hakikuvumilia mikono yetu, kava ilitoka mapema na kwenye kurasa za mia sita kikakatika vipande viwili, tukaweka selotepu, ikatoka, mwishowe tukaacha hivyo na ikawa afadhali, ju wawili wanaweza kusoma kwa wakati mmoja. Nusu ya kwanza saa hii iko kwa keateka, jana usiku ameniuliza Larry atafanya nini na mamake. Nusu ya pili iko hapa mezani kwangu inamngoja.