Mkorogo wa kupimiwa au krimu ya kasha?

Hapa Moshi ukitaka krimu ya uso una njia mbili, upimiwe mkorogo (krimu ya kung'arisha ngozi iliyochanganywa mtaani) kwenye kikopo au ununue ya dukani yenye kasha lake. Kwa bei mkorogo unashinda, hilo halina ubishi, na matokeo unayaona fasta. Sasa jiulize kinachong'arisha haraka hivyo ni nini? Mara nyingi ni haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi), zebaki au steroidi kama klobetasoli, na vyote hivyo vimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania. Klobetasoli ni dawa, daktari anakuandikia kwa muda mfupi, sio ya kujipaka uso mzima kila siku mpaka ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, ukiacha tu uso unawaka na vipele juu (na hili jua letu ndo usiseme). Zebaki yenyewe inaingia mwilini inaharibu figo.

Ya kasha nayo usinunue kichwa kichwa, feki zipo kibao. Geuza usome viambato, namba ya bechi (mkupuo iliotengenezwa nao), tarehe ya kuisha na jina la kiwanda. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS (shirika la viwango), zamani ilikuwa TFDA (mamlaka ya chakula na dawa), kwahiyo ikikudhuru una pa kuipeleka na bechi yake. Mkorogo je, utapeleka nini wakati kikopo chenyewe kilikuwa cha siagi?

Mi nachukua ya kasha, hata ile ndogo kabisa. Ila kama umeshautumia mkorogo muda mrefu usiukate ghafla, kawaone kwanza madaktari wa ngozi, pale hospitali ya KCMC wapo.